Kona ya Wageni Ndani ya Friza

Maboga arobaini na moja na gari moja haviwezi kukaa pamoja katika gereji ya nyumba ya kupanga huku Minto, pembezoni mwa Sydney, iwapo maboga hayo hayaruhusiwi kugusana. Nilipima kwa futi kamba, mara mbili. Kitabu nilichoazima maktaba kilisema boga linaloegemea jenzake huoza ubavuni, na uozo huo hauchelewi kumhamia jirani. Basi niliyapanga sakafuni juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, upana wa ngumi moja kati ya boga na boga, vikonyo vyote vikitazama mlangoni. Ukutani kwa nyuma nikaweka friza, ile ya kulala yenye mfuniko juu, kubwa kiasi cha kumtosha mtu mzima akikunja magoti. Gari la mke wangu likatoka nje.

Mke wangu ni muuguzi. Zamu yake ya asubuhi huanza saa moja kamili, kwa hiyo huondoka saa kumi na mbili, na mwezi wa sita saa hizo huku kwetu bado ni giza na magari yote ya nje yamevaa barafu. Si theluji. Sydney haina theluji. Ni utando mgumu mweupe unaong'ang'ania kioo cha mbele, na mke wangu alikuwa akiukwangua kwa kadi yangu ya zamani ya maktaba, kwa sababu, alisema, ndiyo kadi iliyoleta matatizo yote. Mimi nilikuwa nikimtazama kupitia dirisha la jikoni nikiwa na kikombe cha chai. Sijivunii.

Mambo yalianzia kazini. Nafanya kazi Ingleburn, kwenye ghala la vyakula vilivyogandishwa. Kazi yangu ni kusoma lebo na kuhakikisha kwamba boksi lililotangulia kuingia linatangulia kutoka. Ukisoma lebo kwa miaka kumi na moja unapata maoni. Siku moja nilishika boksi la samaki, nikasoma lilikotoka, walikosafishiwa samaki wake, lilikopakiwa na bandari lilizopitia, nikatambua kwamba samaki yule aliyekufa ameuona ulimwengu kuliko mimi niliyetoka Iringa nikiwa hai. Niliona aibu, kwanza kwa niaba yake, kisha kwa niaba ya wote tunaomla.

Shule yangu iliishia kidato cha nne. Mengine nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima: kuunga mabomba, historia ya Warumi, kufuga nyuki. Katika hayo yote ni nyuki tu waliowahi kunipinga. Kwa hiyo nilipoazima vitabu vitatu kuhusu kula chakula cha mahali unapoishi mwaka mzima, sikuona sababu ya kumuuliza mtu yeyote. Vitabu vyote vitatu vilikubaliana: lima majira ya joto, vuna, chemsha kidogo, gandisha, na baridi ikija, ardhi ikifungwa, utakula kutoka kwenye friza yako kama mfalme. Vilikuwa na picha nzuri. Katika picha ya jalada la kimoja, mwanamume mwenye ndevu amesimama mbele ya friza yake, na nyuma yake, dirishani, theluji imefika kwenye kizingiti.

Niliitazama picha hiyo mara nyingi. Theluji ile haikuniambia kitu.

Basi mwezi wa tano nikang'oa bustani. Sukuma wiki ilikuwa bado inachipua, majani mapana yasiyo na hata tundu la mdudu, lakini kitabu kilisema bustani isafishwe kabla ardhi haijaganda. Niliing'oa yote. Nikaichemsha dakika mbili, nikaitumbukiza kwenye maji ya barafu, nikaikamua, nikaifunga kwenye mifuko bapa, nikaandika tarehe. Nilifanya hivyo pia kwa mchicha, majani ya maboga na bamia. Mahindi niliyanunua kwa wakulima wa kando ya barabara, nikayapukuchua. Maharage niliyapika kabisa na kuyafunga katika vyombo vya plastiki vya lita moja, ishirini na vinne, vyenye mifuniko inayolingana, jambo ambalo mama yeyote mwenye nyumba atakuambia si dogo. Mbuzi nusu alitoka shamba lililo mwendo wa dakika hamsini.

Kisha nikaandika kanuni, nikazibandika juu ya mfuniko. Ya kwanza: kuanzia Juni mosi hadi Septemba mosi, hakiliwi kitu kilichoota au kufugwa zaidi ya mwendo wa saa moja kwa gari. Ya pili: chumvi, mafuta na majani ya chai vimesamehewa. Ya tatu: ndani ya friza hii hakiwekwi kitu kisicho cha hapa.

Mke wangu alizisoma akiwa bado na sare zake za kazi.

"Na unga wa ugali?"

"Haumo."

"Mchele?"

"Mchele unatoka mbali. Kuna viazi."

Akasoma tena, polepole, kama anasoma cheti cha mgonjwa. "Baba Mapacha," akasema, "hii nadhiri ni ya kwako. Mimi na watoto tutakula chako tukikikuta, tusipokikuta tutakula cha watu. Lakini tusikilizane. Septemba mosi nitafungua hili dude mwenyewe. Nikikuta umevunja hata kanuni moja kati ya hizi zako, friza inatoka na gari langu linaingia. Ukishinda, nitakwangua barafu mpaka nistaafu na hutasikia neno."

Nikakubali. Nilikuwa na uhakika kiasi kwamba nilimwonea huruma.

Kanisani nilieleza mpango wangu baada ya ibada, wakati wa chai. Niliueleza kwa ufupi, nadhani, ingawa chai za watu zilipoa. Mkenya mmoja mhasibu, mtu wa maneno, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa upole kanuni ni umbali gani. Nikamwambia: saa moja kwa gari.

"Sasa kaka," akasema, "ukienda kuogelea, papa wa hapa akikukuta majini, si itabidi akuache? Wewe ni chakula cha kutoka nje."

Walicheka hadi mchungaji akaja kuuliza kuna nini. Nilimwambia mhasibu kwamba kanuni inahusu mimea na mifugo. Akasema amenielewa, na akacheka upya.

Kosa nililolifanya mwenyewe, bila msaada wa mtu, lilitokea wiki ya pili ya Juni. Jirani yetu wa kulia ni mama wa Kikongo, mjane wa miaka sitini hivi, aliyetoka Kivu, akapitia kambini, akaishi kwanza Fairfield na sasa yuko hapa, nyuma ya ukuta wa mabati unaozidi urefu wangu. Watoto wangu, mapacha wa kike wa miaka kumi na mitatu, wanamwita Bibi. Anatusalimu, tunamsalimu. Lakini mimi nilitaka zaidi ya salamu. Nilitaka shahidi. Nilichukua chombo kimoja cha maharage, nikayapasha moto, nikampelekea, nikamwambia yameota umbali wa hatua nane kutoka pale aliposimama.

"Aa, Baba Mapacha, aksanti sana," akasema. "Umeota maharagi. Ni vizuri."

Kesho yake alikuwa mlangoni. Hakuleta chombo changu. Alileta ndoo ya aiskrimu ya lita nne, imejaa sombe, yaani kisamvu cha kwao, mpaka mfuniko unainuka, na mawese yameelea juu, mekundu.

"Kikopo yako ilikuwa kadogo," akasema. "Nimetia mu yangu. Mutakula na batoto."

Kila aliyekulia kwetu anajua sheria, na haikuhitaji kubandikwa popote: chombo cha mtu hakirudi kitupu. Hata ukiwa huna kitu, utatia mayai mawili, utatia chumvi. Ndoo ile ingerudi na kitu ndani, na ingekuwa ndoo ya lita nne. Kutia chombo kimoja cha maharage katika ndoo ya lita nne ni kumtukana mtu. Nilitia vyombo vinne. Wakati huo chombo changu cha kwanza kilikuwa bado kwake, na yeye pia si mtu wa kurudisha kitupu. Kilirudi na samaki wa kukaanga, na pamoja nao, katika ndoo ya pili, fumbwa, yale majani ya porini ya Kongo.

Nilijua sombe ile inatoka wapi. Naishika kila wiki. Inakuja kwetu Ingleburn katika matofali ya kijani yaliyogandishwa, baada ya kuvuka bahari, na baadhi yake huenda maduka ya Fairfield, ambako mama huyu huifuata kwa treni, akibadilisha Glenfield, na kurudi na mfuko wa magurudumu. Kwa kanuni ya kwanza sikuweza kuila. Kumrudishia sikuweza, heri ningemtemea mate. Kuimwaga sikuweza, kwa sababu mimi ni mtoto wa mama yangu. Friji ya jikoni ilikuwa imejaa. Kwa hiyo, kwa muda tu, nikaiweka kwenye friza kubwa, kona ya kushoto, nikaitenga kwa kipande cha mbao na kuandika juu ya mbao hiyo: WAGENI.

Niliona kuwa ni ufumbuzi wa haki. Kanuni ya tatu ilisema hakiwekwi. Niliifasiri kwamba mgeni hawekwi, mgeni hupita.

Wageni hawakupita. Mwisho wa Juni vyombo vilivyokuwa vikizunguka kati ya nyumba mbili vilikuwa vinne, vyangu vya lita moja na vyake vya lita nne, na hesabu ya jambo hilo mtoto wa darasa la tatu angeniambia. Kila alichoniletea kilikuwa kikubwa, kwa hiyo kila nilichorudisha kilikuwa kikubwa. Maharage yaliisha kwanza. Yakafuata mahindi, kisha ile nusu ya mbuzi, iliyovuka ukuta katika safari tatu. Mbao ya kona ya wageni niliisogeza kulia kwa sentimita kumi, halafu ishirini. Kila alicholeta nilikihamishia katika ndoo tupu nilizotoa kazini, ili yake irudi, nikaandika tarehe kwenye kila ndoo, maana mazoea ya kazi hayamwachi mtu, nikawa napanga iliyotangulia kuingia mbele, ili itangulie kutoka, ingawa haikuwepo hata moja iliyokuwa ikitoka.

Mara moja nilijaribu kukata mnyororo. Nilimrudishia ndoo nikiwa nimetia boga zima, nikidhani boga litamshinda.

Alilipima kwa mkono, akanitazama.

"Baba, muko sawa kwa nyumba?"

"Tuko sawa, Mama."

"Kazi ingali?"

"Ipo."

"Juu naona munakula tu maboga."

Jioni hiyo zilikuja ndoo mbili. Alikuwa ametangaza kanisani kwao kwamba kuna familia ya Kitanzania huku Minto ina shida ya chakula na baba yake ana aibu ya kusema. Wiki iliyofuata akina mama wawili nisiowajua walinishushia kwenye veranda samaki wakavu, dagaa, na mfuko wa kilo kumi wa unga mweupe wa muhogo. Mmoja wao alinishika mkono kwa mikono yote miwili akaniambia Mungu hachelewi. Niliitikia amina. Ungesema nini?

Katika kipindi hicho chote mke wangu alishika zamu zake. Aliamka, akavaa, akatoka, nikasikia kadi yangu ya maktaba ikikwaruza kioo. Niseme ukweli wote: barafu ile ya kioo cha gari ilinifurahisha. Niliipokea kama uthibitisho. Kitabu kilisema baridi itaua kila kitu, na pale nje, juu ya gari la mke wangu, kulikuwa na baridi. Nilimwona anapuliza vidole vyake, nikajiambia: unaona, mwandishi alijua.

Kufikia Agosti nilikuwa nakula boga. Asubuhi boga la kuchemsha, mchana kazini boga baridi katika kopo, usiku supu ya boga. Viazi vya bustani vilikuwa vimekwisha, na vya dukani mfuko haukusema vilikoota. Mifuko ya mboga nilikuwa nimebaki nayo michache na nilikuwa naibania. Nikimwambia mtu kwamba sukuma wiki iliyochemshwa, ikagandishwa, ikayeyushwa, ina ladha ya kitambaa cha kufutia meza, sitakuwa nimeionea. Watoto niliwawekea sahani mara moja wakanijibu kwa neno moja la Kiingereza, wote wawili pamoja, kama kwaya: "Dad." Kisha wakasema wanaenda kumsaidia Bibi kazi ya shule. Bibi hasomi shule. Walirudi midomo inang'aa mawese.

Mke wangu naye alikuwa amenenepa kidogo. Aliniambia ni chakula cha kantini ya hospitali. Kantini ya hospitali hainenepeshi mtu.

Septemba mosi iliangukia siku yake ya mapumziko. Alikunywa chai taratibu, akavaa koti, akaniita. Tukapita katikati ya maboga mguu mbele ya mguu, maana njia ilikuwa ya upana wa ngumi. Yalikuwa yamebaki kumi na tisa. Akainua mfuniko.

Mbao yangu ilikuwa imefika ukuta wa kulia. Neno WAGENI lilikuwa limegandia pale pembeni, na nyuma yake, katika nafasi inayotosha kuingiza kiganja, kulikuwa na mfuko mmoja bapa wa sukuma wiki. Upande wa pili friza nzima ilikuwa imejaa ndoo, zimepangwa vizuri sana, tarehe zote zinatazama juu.

Mke wangu alianza kuzitoa moja moja na kuzisoma kwa sauti ileile anayoitumia kukabidhi wagonjwa mwisho wa zamu. "Sombe, Juni. Hali ni tulivu. Fumbwa, Juni. Samaki, Julai. Sombe. Sombe na karanga. Dagaa, Agosti, ameingizwa jana." Akashika mfuko wa sukuma wiki, akaupindua. "Na mwenyeji mmoja. Huyu ana hali mbaya."

"Sijala hata kimoja," nikasema. "Kanuni ya kwanza sijaivunja."

"Najua hujala. Umekonda kama ufito." Akaweka kidole juu ya karatasi ya mfuniko. "Soma ya tatu."

"Hao wanapita tu."

"Baba Mapacha. Soma."

Nikasoma. Niliisoma yote, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na ilikuwa fupi kuliko nilivyoikumbuka. Kisha nikasema gari liingie. Alinipiga bega mara mbili, kama anavyowapiga wale anaojua watapona, akaenda kutafuta funguo.

Friza ilikuwa haina pa kwenda isipokuwa sehemu moja, na mwenyewe alipoambiwa alipiga vigelegele. Mama wa Kikongo alikuwa na kibanda nyuma ya nyumba, chenye umeme, kikavu, kitupu. Nikaazima kitoroli kazini. Nikaisukuma friza na wageni wake wote ndani hadi barabarani, nikakunja kona, nikaingia kwa lango lake la pembeni. Katika miaka mitatu ya ujirani nilikuwa sijawahi kufika nyuma ya nyumba yake. Salamu zetu zote zilikuwa za mlango wa mbele.

Nilikisimamisha kitoroli.

Uwanja wote wa nyuma, toka ukuta hadi ukuta, ulikuwa kijani. Sukuma wiki ilisimama kufikia kifua changu. Kulikuwa na kabichi za ukubwa wa vichwa vya watoto wangu, vitunguu vya majani, figiri, mistari miwili ya njegere zikipanda juu ya fito za mifagio iliyovunjika. Juu ya majani ya chini kulikuwa na umande wa asubuhi, baadhi yake bado umeganda, na majani yalikuwa hayana habari nao. Nilipima kwa macho. Hatua tisa kutoka mlango wa jikoni kwangu.

"Mama," nikasema, "hizi umezipanda lini?"

"Izi? Bado kuanza baridi. Mwezi wa ine, wa tano." Alikuwa anafuta mfuniko wa friza kwa khanga. "Hapa mboga haikufake, Baba. Inapenda baridi. Inakuwa na sukari."

Mwezi wa tano. Nilikuwa upande wangu wa ukuta, nang'oa.

"Sasa kwa nini hukuniletea hizi? Miezi mitatu umeniletea sombe ya dukani. Umepanda treni mpaka Fairfield."

Aliacha kufuta. Kwa mara ya kwanza tangu tujuane nilimwona ameudhika.

"Baba Mapacha, iyi ni mboga ya nyuma ya nyumba. Iyi tunakulaka sisi benyewe, bila batu. Weye ulinikaribia na maharagi ya moto, na heshima. Mimi nikuletee majani ya hapa? Ungesema: uyu mama ananizarau."

Nyuma ya ukuta wa mabati nilisikia injini ya gari la mke wangu, kisha mlango wa gereji ukishuka. Watoto walishangilia, kwa Kiingereza.

Vitabu nilivirudisha Jumamosi. Mkutubi aliniuliza kama vilinisaidia, nikamwambia ni vya nchi yenye theluji, naye akasema ndiyo, si inaonekana kwenye jalada?

Kadi ya zamani mke wangu ameitupa. Maboga kumi na tisa niliyatoa gerejini siku ileile, kwa haraka, kabla gari halijaingia. Niliyarundika chini ya ngazi za nyuma, moja juu ya jingine, vikonyo vikitazama kila upande, na hivi ninavyoandika ni mwisho wa Oktoba. Yamebaki manane. Yanagusana yote. Huwa nayageuza kila Jumapili, kutafuta uozo, na bado sijaupata.